Nchi Isiyojaa

Iko nchi, wala msiniulize iko upande gani, maana kila aliyeniuliza hivyo nilikuja kugundua kwamba ametokea huko huko. Ni nchi nzuri. Watu wake wana adabu sana, na serikali yao imelijua hilo siku nyingi.

Mkuu wa nchi ile haitwi rais wala mfalme. Anaitwa Mgeni Rasmi wa Kudumu. Zamani alikuwa mgeni rasmi kama wageni rasmi wengine: anakuja, anakata utepe, anahutubia, anakula pilau, anafungiwa mbuzi, anaondoka. Safari moja hakuondoka. Na kwa kuwa wananchi wa kule wamelelewa, hakuna aliyemuuliza anaondoka lini. Mgeni hafagii, haoshi vyombo, haulizwi sukari imekwenda wapi. Akisinzia, wanapunguza sauti. Ndivyo wanavyotawaliwa, na wenyewe wanasema hiyo ni amani. Ukimya kweli upo.

Basi siku moja soko la mji, lile la ghorofa, likakaa chini. Watu walikuwa wamepandishwa juu kwenda kupokea mchele wa Idi, mchele ukachelewa, watu wakazidi, ngazi ikakatika na sakafu ikaifuata. Redio ikatangaza kwamba jengo limepumzika kabla ya wakati wake. Waliozikwa wakazikwa, waliovunjika wakapelekwa hospitali, na Mgeni Rasmi akaenda kuwapa pole.

Msafara wake ulikuwa mkubwa. Ikabidi majeruhi watolewe nje uani na magongo yao, wenye kutoa pole wapate pa kusimama. Pole ikatolewa kwa vitanda. Picha zilitoka nzuri, mashuka meupe kabisa.

Pale pale, mbele ya kitanda kitupu, Mgeni Rasmi akasema:

"Kuanzia leo nataka kila jengo la umma lijulikane linachukua watu wangapi salama. Iandikwe mlangoni. Sitaki tena kuamshwa kwa habari kama hizi."

Watu wakapiga makofi. Majeruhi wa mikono, kule uani, wakayapiga magoti yao kwa viwiko.

*

Ikaundwa Tume ya Ujazo Salama. Mwenyekiti wake alikuwa Daktari Fumo Kishindo. Udaktari wake alitunukiwa na chuo alichokizindua yeye mwenyewe. Alikizindua kabla hakijaezekwa, kwa hiyo shahada ilinyeshewa kidogo, lakini bado inasomeka ukiielekeza juani.

Wakaja vijana waliosomea majengo, na kamba zao na vyuma vyao, wakaanza kuulizia nguzo zimeshuka kiasi gani chini na milango inafungukia upande gani. Daktari Kishindo akawacheka mpaka miwani ikateleza.

"Nguzo inasema?" akawauliza. "Zege lina kauli? Sisi ni watu wa utu. Hatuwezi kuyaacha maisha ya wananchi mikononi mwa kamba! Jengo tutalijua kwa kuwauliza waliomo ndani. Huo ndio ushirikishwaji, hiyo ndiyo sayansi yetu, na atakayeipinga amempinga mama yake mzazi."

Vijana wakakunja kamba zao.

Utaratibu wa Tume ukawa mwepesi. Wajumbe wanafika mlangoni, wanapiga hodi, wanauliza, "Kuna nafasi?" Wakijibiwa ipo, watu wanaingizwa papo hapo, bila kujali cheo wala umri, hivyo ndivyo kanuni ilivyoandikwa, na aliyeiandika ni Daktari mwenyewe. Kisha wanauliza tena. Siku watakapojibiwa hakuna, hapo ndipo watajua jengo limefika mwisho, wataandika idadi. Kwa kazi hiyo walipewa lori lililojaa watu waliookotwa vijiweni, wakaitwa Wananchi wa Majaribio.

Sasa Tume ilisahau jambo moja, au ilifurahi kulisahau. Katika nchi ile mtu akisimama mlangoni akauliza kama kuna nafasi, jibu ni moja tu. Hata chumba kiwe kimebana mpaka mtu anapumua kwa zamu na jirani yake, unakusanya miguu, unampakata mtoto wako na wa mwenzio, unasema, "Ipo, karibu, tusogee." Atakayesema hakuna, mpaka marehemu mama yake atasemwa kaburini. Mtoto wa kule anajua kusogea kabla hajajua kutambaa.

Wakaenda posta. "Kuna nafasi?" "Ipo, karibuni!" Wakaingizwa watu wa lori, mpaka karani wa stempu akawa anahudumia akiwa juu ya mizani ya vifurushi. Wakauliza tena. "Ipo, wazee wangu," akasema karani, na shavu lake limebanwa na dari.

Wakaenda hospitali. Kitanda kimoja kilikuwa na bibi watatu.

"Bibi zangu, kuna nafasi hapo?"

"Ipo, mwanangu," akajibu wa ukutani. "Huyu wa katikati mwembamba, halafu hana siku nyingi."

"Usinitangulie," wa katikati akasema. "Lakini karibuni."

Kila walipokwenda, lori lilimaliza watu kabla wenyeji hawajamaliza adabu. Mwisho Tume ikatoa taarifa kwamba imechunguza nchi nzima na haikuona jengo lenye mwisho. Zikatengenezwa mbao za shaba, zikapigiliwa kwenye kila mlango wa umma. Pale penye idadi pakaandikwa hivi: UJAZO SALAMA: KARIBUNI.

Nchi jirani, ambazo majengo yao yana mwisho, zilionewa huruma kwenye redio kwa juma zima.

*

Mtaani kwetu, maana na mimi ni wa huko huko, kulikuwa na Bi Somoe. Tulikuwa wajane wengi pale, tunakutana kusoma na kuombeana, na mara nyingi ilikuwa kwake, maana hapakuwa na mtu mwenye kukaribisha kama yeye. Siku aliyofiwa na mumewe alitandikia watu mikeka mpaka ya chumbani ikaisha, mwenyewe akakaa eda ya siku ya kwanza kwenye kizingiti cha jiko. Alikuwa amebakiwa na mtoto mmoja, Mwanaidi, ambaye wakati wa habari hizi alikuwa mjamzito na tumbo limeshashuka. Wawili wa kabla yake walikuwa kwenye lile soko, kwenye foleni ya mchele. Simsemi sana, maana yeye mwenyewe hakusema.

Ikafika Siku ya Shukrani, ambayo wananchi humshukuru Mgeni Rasmi kwa kuwa bado yupo. Hufanyika Ukumbi wa Shukrani. Wanaume na viongozi hukaa chini kwenye viti, na wanawake hupandishwa roshani, ambayo imetokeza mbele juu ya vichwa vya watu. Sisi tuliijua roshani ile. Kwenye harusi, wanawake wakicheza, ilikuwa inanesa kama kitanda cha kamba, na kwenye kona yake kulikuwa na ufa ambao mijusi walikuwa wakiingia kwa kukonda, siku hizi wanaingia wanene.

Bi Somoe alikwenda kumwambia mlinzi wa ukumbi, Mzee Baishe.

"Baishe, ile roshani imechoka."

"Bi Somoe, dada yangu, soma hapo mlangoni. Imeandikwaje?"

"Karibuni."

"Imeandikwa kwa shaba. Sasa mimi, mtu wa nyama, nibishane na shaba?"

Akarudi nyumbani akamwambia Mwanaidi asiende. Lakini asiyehudhuria Siku ya Shukrani hagongewi muhuri kadi ya kliniki, na asiyegongewa kadi hapokelewi na mkunga. Na mimba ya Mwanaidi ilikuwa ya kuhitaji mkunga, si ya kuzalia jikoni. Wakaenda wote wawili. Tukaenda wote.

Mlangoni tuligawiwa kanga yenye picha ya Mgeni Rasmi. Uso wake ulikuwa umewekwa mahali ambapo mvaaji akikaa, anamkalia. Aliyeichora hakufikiri, au alifikiri sana.

*

Tulibanana mapema. Mwanaidi akasukumwa mpaka mbele, kwenye ile kona yenye ufa, kwenye chuma cha kuegemea, mama yake ubavuni. Chini yetu kabisa palikuwa na kochi jekundu la Mgeni Rasmi, na mbele ya kochi meza ya keki iliyokatwa kwa umbo la ramani ya nchi. Mgeni Rasmi akaingia, akaketi, akasinzia kidogo, bendi ikapunguza sauti.

Daktari Kishindo akapanda jukwaani.

"Mtukufu Mgeni Rasmi wa Kudumu! Mataifa makubwa yana mashine. Yana vipimo. Yana hofu! Sisi tuna moyo. Leo, kwa macho yako, utaiona sayansi ya Tume yako ikifanya kazi." Akainua uso. "Akina mama wa roshani! Kuna nafasi?"

"Ipooo! Karibuni!" tukaitika, na vigelegele juu.

Lori la Wananchi wa Majaribio likamwagwa ngazini. Wakaja juu wote, wakatukalia, wakatuomba radhi, tukawaambia hapana taabu. Roshani ikashusha pumzi. Vumbi la chokaa likadondoka kwenye kofia ya Mgeni Rasmi. Msaidizi wake akadhani ni maua tunamrushia, akatupungia mkono.

"Shoga," Bi Tufaha akanong'ona mgongoni kwangu, "nyayo zangu zinasikia sakafu inaondoka."

"Nyamaza, wageni wako mlangoni," akajibiwa na mwingine.

"Akina mama! Kuna nafasi?"

"Ipo! Karibuni!" Safari hii hapakuwa na vigelegele, maana hapakuwa na pa kuutia ulimi. Lori la pili likamwagwa.

"Mama," Mwanaidi akasema, "hiki chuma kinacheza."

"Sogea kwangu."

"Nisogee wapi? Nimesogea mpaka nimetoka kwangu."

Bi Somoe akautia mkono nyuma ya mwanawe, akaushika ule ufa. Nilimwona. Vidole viliingia mpaka pingili ya pili. Akavitoa, akavitazama, akavipangusia kwenye kanga, kwenye uso ule ule.

Chini, Daktari alikuwa ametanua mikono kama anayeombea mvua.

"Kwa mara ya tatu, na dunia isikie! Akina mama! Kuna nafasi?"

Kabla midomo yetu haijafunguka, Bi Somoe akasimama.

"Hakuna."

Jamani! Hakuna hata mmoja mle ndani aliyewahi kulisikia neno lile likitamkwa mbele ya mgeni. Mwanamke mmoja karibu yangu alijifunika uso kama aliyeona mtu uchi.

"Mama... umesemaje?" Daktari akauliza, akicheka kwa meno ya mbele tu.

"Nimesema hakuna nafasi, babangu. Juu pamejaa, ngazini pamejaa. Hao wengine warudi walikotoka, na Mungu awafikishe salama."

"Mama anatania, Mtukufu! Mama, wewe umelelewa wapi?"

"Mikoroshini, na nimelelewa vizuri mpaka leo asubuhi. Sasa hivi nimeamua kukosa adabu, mwanangu apate kuzaa."

Mgeni Rasmi akafungua macho. "Amesema nini?"

"Amesema..." Msaidizi akainama, akanong'ona. "Amesema hakuna nafasi, Mtukufu."

"Kwangu?"

"Kwa jumla, Mtukufu."

"Na mimi nimo kwenye hiyo jumla?"

Swali gumu. Mgeni Rasmi akangoja jibu, asilipate, akanyanyuka, akashika njia ya mlango. Hajapata kunyanyuka haraka namna ile tangu alipokuja.

Na kule kuna utaratibu: mgeni akiondoka kwa hasira, hakuna anayebaki ameketi, asije akaonekana amefurahi. Chini wakatoka mbio. Juu tukashuka, na kila aliyepita kwa Bi Somoe akamwachia lake. "Umetuaibisha!" "Kumbe ndivyo ulivyo?" "Mjane mzima!" Mwingine akamfinya. Yeye alikuwa amemshika Mwanaidi kiunoni, wanashuka ngazi kwa mwendo wa tumbo, wa mwisho kabisa, na mimi mbele yao nawafungulia njia.

Tulipokanyaga uani bendi ilikuwa imeanza wimbo wa taifa. Ndipo roshani ikaja. Haikuanguka kwa haraka. Ilitoa sauti kama ya mtu mzima anayeketi baada ya kusimama sana, kisha ikaketi: juu ya viti vyote vya chini, juu ya ramani ya nchi yenye sukari, juu ya kochi jekundu. Vumbi likatoka mlangoni, likapita chini ya ubao wa shaba, ubao haukutikisika.

Hakufa mtu. Nikasema Alhamdulillahi kwa sauti, nikageuka kuona nani mwingine anasema. Wote walikuwa wamesimama wima, mikono ubavuni, maana wimbo ulikuwa haujaisha.

*

Mngedhani Bi Somoe alipewa japo kanga nyingine. Ngojeni.

Tume ikakaa kuchunguza. Daktari Kishindo akasoma taarifa yake redioni, kwa sauti ya mtu aliyelia ipasavyo.

"Ndugu wananchi, tujiulize kisayansi. Ukumbi huu ulipokuwa na watu, ulisimama. Ulipojaa, ulisimama. Ulipojaa zaidi, mbele ya macho yetu, ukazidi kusimama! Ulianguka lini? Ulipotoka watu. Je, kitu gani kilipungua? Zege lilikuwa lile lile. Chuma kile kile. Kilichopungua ni wananchi! Ndugu zangu, wananchi ndio nguzo. Jengo limekufa kwa upweke."

Ikatoka sheria mpya: ni marufuku kuacha jengo la umma bila watu. Waliokuwamo wakae, na wengine wapelekwe kuongezea. Kazi hiyo ikaitwa Kushikilia. Wananchi wote wa Majaribio wakagawiwa posta, mahakamani na kwenye mabweni ya shule, wakayashikilie. Wajane tukapangwa mwanzo, kwa sababu, walivyosema, hatuna wa kumpikia.

Na Bi Somoe akashitakiwa kwa kosa la kuliondolea jengo la umma tegemeo lake.

Mahakama ilikuwa imeshikiliwa vizuri. Hakimu alikaa nusu kiti, nusu nyingine amekaa mshikiliaji mwenye kifua kikuu.

"Mshitakiwa, unakubali ulisema hakuna nafasi?"

"Nakubali, mheshimiwa."

"Ulijuaje kwamba hakuna?"

"Nilikuwa nimekaa hapo hapo."

"Una utaalamu wa majengo?"

"Sina."

"Kwa hiyo mtu asiye mtaalamu, amekaa mahali, akaamua kwamba amekaa mahali!" Hakimu akatikisa kichwa, mshikiliaji naye kikatikisika chake. "Una la kujitetea?"

"Mwanangu amejifungua juzi, mheshimiwa. Mtoto wa kike. Wote wazima."

"Hilo halihusiani na kesi hii."

"Basi mimi sina kesi nyingine," Bi Somoe akasema, akakaa. Alikaa kwa shida, maana palikuwa pameshachukuliwa.

Akahukumiwa jela mpaka adabu itakapomrudia.

*

Jela ya wanawake ndilo lilikuwa jengo la mwisho kwenye orodha ya Tume. Walikuwa wanaliogopa harufu, mwanzoni wakaliandika limechunguzwa bila kufika. Siku walipokwenda, mimi, niliyetoka zamu yangu ya kushikilia, na Mwanaidi tulikuwa pale dirishani na chakula cha Bi Somoe, mtoto mgongoni. Ndani walikuwa wanalala kwa kusimama. Mlangoni alikuwa askari jela mmoja aitwaye Mkubwa Shaali, mtu wa sheria. Siku moja alimrudisha nyumbani mkuu wake mwenyewe kwa sababu hakuwa na kibali cha kuingia.

Daktari Kishindo akashuka kwenye lori, kitambaa puani, ubao wa shaba kwapani, na wajumbe wake wote nyuma.

"Mnaona hawa, wamekwisha kosa adabu," akawaambia wajumbe. "Hapa ndipo tutakapojibiwa hakuna, tuandike idadi, tuwaoneshe wafadhili kwamba tunazo idadi." Akagonga chuma. "Hodi! Humo ndani, kuna nafasi?"

Wanawake walikuwa wamechoka hata kutukana. Kisha ikatoka sauti ya Bi Somoe, ile ile ya siku zote, ile ya kutandikia watu mikeka.

"Ipo, babangu! Karibuni, karibuni sana. Akina mama, hebu tusogee, tuna wageni. Daktari, wewe njoo huku mbele. Na Mgeni Rasmi mpelekeeni salamu, mwambieni mahali pake tumemwekea, hapa karibu na ndoo."

Mle ndani kukasikika miguu mingi inasogea.

Daktari akacheka. Wajumbe nao wakacheka. Mkubwa Shaali hakucheka. Alikuwa amekwisha fungua kitabu cha kanuni za Tume, kile kilichotiwa sahihi na Daktari mwenyewe, anakisoma kwa kidole: wakijibiwa ipo, watu wanaingizwa papo hapo, bila kujali cheo wala umri. Akalitazama lori. Lilikuwa tupu, watu wake wote walikuwa wanashikilia posta. Akawatazama wajumbe, mmoja mmoja, kwa heshima.

"Waheshimiwa," akasema, akichagua ufunguo, "mmekaribishwa."